Biskuti ya Wiebren

Wajukuu, mmewahi kumpelekea kahawa mtu aliyezikwa juzi? Mimi nimempelekea.

Hapa Friesland, Uholanzi, Wiebren ndiye pekee aliyejua kuyafunga malango yanayozuia bahari. Kila alipotaka kuacha kazi, serikali ilimwongezea mshahara, naye akarudi kuketi.

Siku mbili baada ya kumzika, saa nne asubuhi, mimi mpika kahawa wa ofisi nikaweka kikombe na biskuti moja mezani pake, kwa mazoea tu. Bahari ilikuwa inapanda na malango yalikuwa wazi. Mkurugenzi wetu akaingia na barua ya nyongeza ya mshahara iliyochelewa, akacheka kwa woga.

"Mzee, tumekuongezea tena. Rudi basi!"

Biskuti ikamegeka yenyewe, kipande kikatoweka. Kiti kitupu kikagumia.

"Hela sikuzitaka, bwana," ikasema sauti ya Wiebren. "Nilitaka mtu wa kumfundisha kazi hii."