Nukta Tatu Chini ya Sinia

Haidari alikuwa amezunguka masoko ya miji mingi, na kila kitu adimu alichokiuza mtandaoni alikieleza asili yake bila kusita. Sinia hili la shaba alilinunua ng'ambo, akaandika kwamba ni la kasri.

Mwanamke asiyemjua akampigia simu ya video. "Kaka, hebu ligeuze nilione chini."

Akaligeuza. Palikuwa na nukta tatu za msumari, alama wanayotia wanawake wa kwao, kila mmoja na yake, ili vyombo vyao visipotee harusini.

"Ndilo!" mwanamke akapaza sauti. "Jirani aliniazima siku ya harusi yangu, likapotea. Miaka thelathini naona haya kupita mlangoni kwake. Nalinunua, lakini mtumie yeye mwenyewe. Bi Mwanasiti, mlango wa kijani, nyuma ya mashine ya kusaga."

Haidari akalitazama tena sinia. Bi Mwanasiti ni mama yake mzazi. Ina maana utotoni alikula kwenye sinia hilihili, na hakulitambua? Na mlango ule, mara ya mwisho aliugonga lini?

Akalifunga sinia taratibu. Juu ya kifurushi akaandika jina la mpokeaji. Kwenye nafasi ya mtumaji, kalamu ikasimama.