Ndoo ya Nne

Bi Time, aliyekwisha kuosha maiti za nusu ya mji, alichota maji kwa kata, akayanusa, akayamwaga. Hiyo ilikuwa ndoo ya nne.

"Haya nayo yananuka kiwanda cha ngozi," alisema kwa uchovu. "Hayafai kumtoharisha mama yako. Hakuna kisima kingine?"

Mishi, binti wa marehemu, alitikisa kichwa. Tangu alfajiri alikuwa amevizunguka visima vyote.

"Hayo ndiyo maji aliyokuwa akinywa, bibi. Miaka yote."

Bi Time aliiweka kata chini taratibu. Kisha akageuka kuitazama bilauri ya maji ya ndimu aliyokaribishwa nayo alipofika, pale juu ya kigoda mlangoni. Ilikuwa imebaki nusu.