Kadi Iliyokataa Draiva Mpya

Mama yule hakuuliza bei. Hilo ndilo lililomshtua kwanza Ephantus, mwenye duka. Alinyoosha kidole kwenye kabati la kioo, kwenye kadi moja ya grafiki iliyokwisha kutumika, akasema, "Hebu nijaribishie hiyo."

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, sweta ya kijani, viatu vyenye matope. Akina mama wa umri wake waliopanda ngazi hadi duka hili, katikati ya mji wa Eldoret, walitaka kutengenezewa simu au kuchapiwa barua ya kupeleka kwa chifu. Kadi za grafiki ni za vijana wa gemu na watengenezaji video.

"Ni ya mtoto, Mama?"

"Wewe jaribu tu. Nitakwambia vile utafanya."

Alitoa daftari la shule mkobani, akalifungua mapajani na kulikinga kwa mkono.

Ephantus aliichomeka kadi kwenye kompyuta ya majaribio, shaka ikianza kumwingia. Mwaka jana Kuria, jirani yake wa duka la pili, alilala seli siku tatu kwa sababu ya laptopu aliyoinunua bila kujua imeibwa. Kesi yake nayo ilianza hivi hivi, kwa mteja mpole asiye na haraka. Na kadi hii ilikuwa imefika hapa bila kibandiko cha namba yake.

"Weka draiva ya tano tatu moja," mama akasoma polepole, kama mtu anayesoma jina la dawa asiyoijua.

Ephantus alikuwa nazo zote, programu hizo za kuendesha kadi, za zamani na mpya. Kuna kadi huelewana na draiva moja na kukosana na nyingine. Akaiweka.

"Sasa ongeza memori. Mia tisa."

Alimtazama. Kusukuma memori kupita kasi iliyotoka nayo kiwandani si jambo la kubahatisha. Mtu alikuwa amemfundisha mama huyu maneno ya kusema. Akaongeza. Picha ya majaribio, mlima na mto, ikazunguka bila tatizo.

"Ongeza hamsini."

Vidoti vikatapakaa kwenye skrini nzima.

"Ni vya rangi gani?"

"Si unaviona, Mama? Kijani."

Mama akatia alama kwa penseli. Viatu vikasikika ngazini, naye akageuka upesi kuangalia mlango. Aliyepita alikuwa mtu wa kujaza wino kwenye printa za duka la mbele. Mama akashusha pumzi, akarudi kwenye daftari.

Anasubiri mtu, Ephantus akawaza. Polisi wako chini, wanangoja awape ishara.

"Hii kadi uliitoa wapi?" mama akauliza bila kuinua uso.

"Nairobi. Zinakuja nyingi, kwa boksi." Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria.

"Sawa. Futa hiyo draiva. Weka tano nne sita."

Safari hii hawakufika hata mia saba. Kwenye mia sita skrini iliingia giza, feni zikavuma, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe. Mama akatia alama nyingine. Ephantus alijifanya anakaza waya, akainama na kuchungulia.

Ukurasa ulikuwa na jedwali. Mwandiko ulikuwa mdogo, uliobanana, haukuwa wa mama huyu. *531: 900 sawa, 950 vidoti vya kijani. 546: 600 giza.* Juu kulikuwa na tarehe ya mwaka uliopita.

Fundi yeyote anajua kwamba kadi mbili za aina moja, hata zikitoka boksi moja, hazifeli mahali pamoja. Jedwali lile lilikuwa sawa na alama ya kidole.

"Imebaki moja," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ile mpya kabisa. Usiongeze kitu."

Mkono wa Ephantus ulikaa juu ya kipanya bila kusogea. Angeweza kusema mtandao umepotea. Angeweza kufunga duka, adai anaenda chakula cha mchana. Lakini watu wa chini wangekuwa pale pale ngazini.

"Hiyo mpya itaikataa, Mama," akasema hatimaye. "Hata bila kuongeza. Mpaka upunguze hamsini."

Penseli ilisimama.

"Nani alikwambia?"

Basi. Alikuwa amejifunga mwenyewe.

"Sikuiba!" Aliinuka, mikono wazi. "Kuhusu Nairobi nilikudanganya, Mama, nisamehe. Kuna kijana alikuja Jumatano, akaketi hapo hapo umeketi. Ningejuaje ni ya wizi? Alinionyesha kila kitu, draiva hii na ile, namba zote zikiwa kichwani. Mwizi angejua hayo? Hata akaniambia nisimuuzie mtu bila kumweleza hiyo ya hamsini. Kama umekuja na polisi waite, lakini vile nakwambia ndivyo ilivyokuwa."

Mama alilifunga daftari. Akalirudisha mkobani.

"Sina polisi," akasema. "Hili ni duka la tisa naingia. Kadi yenyewe siitaki, uza tu."

Alimtazama Ephantus usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Huyo kijana ni mwanangu Mabonga, na daftari hili ni lake. Tangu Februari simu yake haishiki. Sasa niambie, baba, usinifiche: alikuwa amekonda?"