Kizingiti

Tangu wakuu wa mji wang'oe milango yote na kukataza watu kutembeleana, Bi Mize hakuwa amesikia hodi. Askari waliingia tu. Jioni hiyo mmoja aliingia akamkuta anasali. Bi Mize alimaliza sala yake bila haraka, kisha akageuka.

"Rudi nje, mwanangu, upige hodi kwanza."

Askari akacheka. "Bibi, mlango wenyewe uko wapi? Jirani yako alichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo."

"Najua. Lakini kizingiti kipo."

Kicheko kikakatika. Askari akamshika mkono, akauachia, akatoka. Buti zake zikasimama nje ya kizingiti. Bi Mize akakaa mkekani akisikiliza, "karibu" ikiwa tayari mdomoni.