Pingamizi la Ukungu

Kijiko kililia ndani ya kikombe kabla hakujapambazuka. Simu ilikuwa inatetemeka juu ya meza ya jikoni, meza nayo ikatetemeka, na kijiko kikagonga kikombe, ti-ti-ti, mpaka Ursina akatoka kitandani bila soksi.

Ujumbe ulikuwa mfupi. "Napinga. Njoo asubuhi hii. Usipange kuondoka upesi." Chini yake palitajwa kijiji kilicho juu ya ziwa, mwisho wa njia ya basi. Aliyeandika alijiita Ukungu.

Ursina akakaa chini.

Chama chao hakikuwa na mwenyekiti wala ofisi. Kiliishi ndani ya kompyuta. Wanachama walikuwa watu wa nchi mbalimbali wasiojuana sura; walipiga kura kwa simu, na mwenye hisa nyingi ndiye aliyekuwa na kura nyingi. Sasa mtu asiyejulikana alikuwa ananunua hisa kimyakimya. Akipita nusu, angeweza kujipigia kura apewe mfuko wote wa fedha, ule uliowalipa mishahara Ursina na wenzake. Ndiyo maana Ursina aliandika pendekezo: mtu mmoja, kura moja, hata awe na hisa ngapi. Kura ingefungwa saa sita mchana huo. Wote walikubali, isipokuwa mmoja.

Na kanuni ilikuwepo, Ursina mwenyewe aliitunga kiangazi kilichopita: mwanachama akipinga, lazima mwenzake aende kwake amsikilize, ana kwa ana. Asiposikilizwa kabla kura haijafungwa, pendekezo linakufa. Hili lilikuwa pendekezo la kwanza tangu kanuni hiyo ipite.

"Huyo ndiye mnunuzi," alisema mumewe, Beat, nywele zimemsimama kwa usingizi. "Si miaka yote alikuwa anakubali? Hata mlipobadilisha rangi ya nembo?"

"Alikubali kila kitu."

"Basi kwa kanuni yako umempa silaha, naye kaitumia. Huendi, mke wangu."

"Nisipoenda, jioni hatuna chama."

"Mwaka jana yule mwenzenu wezi walimfunga kamba nyumbani kwake mpaka akataja neno la siri la hisa zake. Wewe unajipeleka mwenyewe! Haya, mbebee na kamba, usimtaabishe."

Hakuna aliyecheka. Lakini Beat alimfungia mkate na jibini kwenye mkoba, akavua skafu yake akamzungushia shingoni.

Kituo cha mwisho alishuka peke yake. Dereva hakuliondoa basi mpaka alipomwona amevuka salama ile barabara yenye barafu. Karibu na kituo palikuwa na nyumba moja tu, kando ya msitu. Pazia la juu likatikisika.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabonyeza kengele. Aliyefungua alikuwa mzee mrefu, shati limepigwa pasi.

"Mmekuja wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Peke yako," mzee alirudia, na uso wake ukabadilika. Ursina hakujua kama ni hasira. Mzee akafunga mlango nyuma yake, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni. Akamnyooshea kikapu. "Simu weka humu. Kwangu watu hawaongei huku wanatazama simu."

Vidole vya Ursina vilikuwa vimekufa ganzi. Akaiweka. Ukutani zilipangwa ndara za sufu, kubwa na ndogo, zote bado zina karatasi ya bei. Akavaa zilizomtosha.

Mezani palikuwa na keki nzima na kisu kirefu.

"Nieleze unachopinga, mzee wangu," alisema Ursina. "Nimekuja kukusikiliza."

"Kula kwanza."

Alikula, hakusikia ladha. Mzee akamuuliza kama mama yake yu hai. Akamuuliza magoti yake yanavumiliaje baridi, na kama mumewe anakoroma. Kila alipotaja pendekezo, mzee alimmiminia kahawa nyingine. Saa ya ukutani ilisogea. Saa tano ikapita. Saa tano na nusu ikapita. Hapo ndipo Ursina alipoelewa: mzee anapoteza muda makusudi. Atamkalisha hapa anywe kahawa mpaka saa sita ilie, kisha kila kitu kitakuwa chake.

Akasimama. Kiti kikaanguka.

"Nifungulie mlango!"

Mzee naye akasimama, kisu alichokuwa akimkatia kipande kingine bado kiko mkononi, ametumbua macho kama mtoto aliyekaripiwa. Akakiweka kisu chini taratibu. Akatoa ufunguo.

"Upepo wa ziwa huufungua mlango," alisema. "Nisipoufunga kwa ufunguo, nyumba yote inapoa. Nilitaka upate joto." Akamletea kikapu.

Ursina aliinyakua simu. Beat alikuwa amemwandikia mara nyingi mno. Juu ya jumbe zake palikuwa na taarifa ya chama: pingamizi limeondolewa, pendekezo linapita. Ilikuwa ya saa kadhaa zilizopita.

"Nililiondoa nilipokuona unashuka kwenye basi," mzee alisema. "Pendekezo ni zuri. Nililipenda tangu siku ya kwanza."

"Sasa kwa nini ukapinga?"

Mzee aliinama akakiinua kiti, kisha akaanza kumfungia vipande vya keki kwenye karatasi, akikunja pembe kwa uangalifu. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamrekebishia ile skafu.

"Pendekezo lijalo linahusu nini?"

"Ada ya uanachama, mwezi wa tano. Jambo dogo tu, hakuna atakayelipinga."

Mzee akatazama ndara zilizobaki pale ukutani, akaisogeza jozi moja kubwa mbele kidogo.

"Mimi nitalipinga," alisema. "Uje tena. Na mumeo mje naye."