Nipo

Katika msafara wetu, familia ikishusha tanga lake kubwa huhesabiwa kuwa imezama, na jina halirudi tena orodhani.

Asubuhi ile upepo wa nyuma ulizidi. Tanga letu kubwa la mbele, lililotuna kama puto, likaanza kuzamisha pua zote mbili za boti yetu pacha yenye matumbo mawili. Ndani, binti yetu Saumu alikuwa akisubiri darasa la redioni.

"Nalishusha," nilimwambia mume wangu, Bakar.

Redio ya sitahani, iliyokuwa wazi kwa msafara wote, ikacheka. Alikuwa Bi Rehani wa boti ya jirani. "Shusha, mama! Nafasi yenu ina mwenyewe tayari."

"Mwache na maneno yake," Bakar akasema akiwa usukanini. "Haya, vuta."

Akalegeza kamba ya tanga. Nami nikauvuta mfuko mrefu wa kitambaa wa kulifunika tanga kutoka kileleni mwa mlingoti mpaka chini, ukalimeza tanga lote. Boti ikainua pua, ikatulia. Nilicheka peke yangu. Tulikuwa hai wote watatu.

Nikashuka ndani. Mwalimu alikuwa anaita majina.

"Saida."

"Nipo!"

"Siti."

"Nipo!"

Saumu, ambaye kila siku huitwa kati ya hao wawili, alinigeukia, mkono wake bado uko juu. "Mama, mwambie na mimi nipo."