Ukuta wa Mtani

Raogo Nikiema alipoambiwa kwamba jirani yake Zerbo amekufa, aliendelea kunawa miguu.

"Amekufa tena?" akamuuliza mkewe. "Kilio mbona sikukisikia?"

"Wamelia alfajiri, wewe unakoroma."

Raogo akaguna. Zerbo alikuwa Msamo, yeye Mmosi, watani tangu enzi za mababu, na katika mji wao wa Tougan mtani hana haya: kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, na Msamo huitwa mla mbwa. Mwaka juzi Zerbo alimpelekea habari kwamba yuko mahututi. Raogo akakimbia peku, dawa mkononi, akamkuta jamaa anamega ugali wa mtama. "Karibu ule, mtumwa wangu. Nilitaka kuona kama unanipenda." Mtaa ulicheka wiki nzima.

Lakini hayo yalikuwa kabla ya ukuta. Raogo alijenga ukuta akaifunga njia ya zamani, ile ya kwendea bombani na makaburini, na majirani wakawa wanazunguka bondeni. Zerbo alimsema mbele ya watu, bila mzaha. Tangu siku hiyo wakanuniana kweli, na hiyo ni aibu, maana mtani hanuniwi.

Ndipo akaja Bi Salimata, mama wa kuwapatanisha majirani. Viti kwa duara, kata ya kibuyu ikizunguka, aliyeishika ndiye anayesema, na hakuna anayemhukumu mwenzake. Alimwalika Raogo mara tatu. Mara tatu Raogo akajibu, "Nikakae nisemwe na wala vichwa vya mbwa?"

Kikao kingine kilikuwa kimepangwa leo. Na leo hii hii Zerbo afe? Thubutu. Raogo akavaa kanzu, akatoka kwenda kuwaumbua.

Uani kwa Zerbo alivikuta viti vile vile vya Bi Salimata, vimepangwa duara. Kata nayo ilikuwepo. Kibandani mtu alilazwa juu ya mkeka, amefunikwa shuka gubigubi. Minata, mke wa Zerbo, alikuwa amejitanda nguo mpaka usoni, mabega yakimtikisika. Huyu anacheka, Raogo akawaza. Kisha shuka likainuka kidogo upande wa miguu. Upepo, labda. Labda.

"Karibu, kaka Raogo," Bi Salimata akasema. "Tulikuwa tunakungoja wewe. Bila wewe hatuendelei."

"Najua hamuendelei."

Kata ilikuwa kwa mzee Pare, fundi baiskeli. "Shida yetu ni moja tu," akasema. "Zerbo apite wapi? Bondeni maji yamejaa, hakupitiki. Njia ni ile ya kwako."

Raogo nusura apige makofi. Lo, walijipanga hawa. Hata maiti naye anaomba njia. Akawatazama mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa aliinamisha uso, na yeye akazidi kuwa na hakika.

Kata ikamfikia. Macho yote yakawa kwake. Ukweli ni kwamba ugomvi ule ulikuwa ukimuuma. Masika mawili hakuna aliyemwita mtumwa, na alilitamani jina hilo kuliko alivyotaka kukiri. Hasira na hamu vikampanda pamoja. Akaiweka kata chini, akaenda mpaka kwenye mkeka.

"We Zerbo. Mtumwa wa baba yangu. Mvivu gani wewe, hata kulala unafunikwa na watu? Nimekunyima kupita kwa miguu, sasa unataka upite umebebwa?"

Watu wakaanza kucheka. Aha, Raogo akawaza, wameshindwa kujizuia.

"Haya, umeshinda. Ukuta naubomoa leo, kwa mikono yangu hii. Unasikia? Usijifanye umelala. Amka basi, mla mbwa wewe, twende tukale. Nimechoka kununa peke yangu."

Kicheko kikajaa uani, wanawake wakapiga vigelegele. Raogo naye akacheka, mikono kiunoni, akingoja shuka lifunuliwe.

Bi Salimata akawageukia vijana waliosimama mlangoni. "Mmemsikia mwenyewe. Chukueni sururu, mtangulie ukutani."

Minata akasimama. Aliifunua nguo usoni. Uso wote ulikuwa umelowa na macho yamevimba. Akamshika Raogo mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Tangu alfajiri naogopa kwamba utakataa kuja kumtukana. Na Msamo asiyetukanwa na mtani wake hazikwi."

Wanaume watatu wakauinamia mkeka, na mzee Pare akamwonyesha Raogo ashike upande wa kichwa.